Nani Atamshika Haitham

Shumba Viamboni,
9 Februari 2024

Kwako Mjomba Fahmi,

Assalaam alaykum. Sisi huku tupo, alhamdulillahi. Bibi Kazija magoti yanamsumbua, lakini bado anasuka ukili wa mikoba kila siku na anakusalimu sana. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Mwalimu wa Kiswahili amenipa ufunguo wa kabati la vitabu kwa sababu hakuna mwingine anayeuomba. Nakuandikia barua kwa kuwa simu ya Mama sinayo tena. Baba aliipiga ukutani siku aliponisikia nazungumza nawe. Bi Mardhiya, yule anayepeleka mikoba Unguja, atakuletea hii mpaka mlangoni, na jibu umpe yeye.

Jambo lenyewe ni Haitham. Gego lake la chini limeoza, na kwa wiki tatu mdogo wangu alikuwa halitafunii. Jumatatu Baba na nduguye, Ami Ngwali, walimpeleka kituo cha afya, nami nikafuata kwa sababu Haitham hakukubali kuliachia gauni langu. Daktari wa meno alipomchoma ganzi, Haitham aliruka kwenye kiti. Daktari akasema, "Mzee, mkamateni, nina watu nje." Baba akamlalia kifuani. Ami Ngwali akamkalia miguu. Baba akaniambia, "Nshike kichwa, Khairat! Nshike!"

Nikamshika.

Ganzi haikuwa imeshika, Mjomba. Nilijua kwa sababu macho yake yalikuwa karibu kabisa na yangu, na aliniangalia mimi, siyo daktari. Koleo liliteleza, jino likakatika, mzizi ukabaki ndani. Damu ilimwingia puani. Baba alipotia kidole amfungue mdomo, Haitham alikiuma mpaka mfupa ukaonekana. Baba akampiga kofi lililomtoa kwenye kiti. Alipoanguka, kichwa chake bado kilikuwa mikononi mwangu, maana nilisahau kukiachia.

Tangu siku hiyo hamfungulii mtu mdomo. Anakula ukiwa umempa mgongo. Daktari amesema mzizi lazima utoke, na mtoto anayekataa namna hii apelekwe hospitali ya Chake, kuna timu itakuja baada ya Idd inayowatia watoto dawa ya mshipani wakalala kidogo wakati wanatibiwa meno. Baba kasema mtoto wake hachomwi sindano ya usingizi yeye akiwa hai. Sababu unaijua. Mama alilazwa kwa sindano hiyo akiwa anajifungua na hakuamka, yeye wala mtoto.

Wewe kazi yako ni hiyo hiyo ya usingizi. Niambie dawa hiyo inafanya nini. Na Mama alikufaje, maana wewe ulikuwepo hospitali.

Mpwa wako,
Khairat


Unguja,
25 Februari 2024

Mpwa wangu Khairat,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Bi Mardhiya akiniangalia. Nyumbani kwangu wazima. Mke wangu anasema ukimaliza shule uje ukae nasi, vitabu vipo.

Kuhusu dawa. Mtoto anawekwa kisindano kidogo kwenye mshipa wa mkono. Mkono unapakwa kwanza dawa ya kufisha ngozi ili asiumie sana. Dawa ikishaingia, anazama katika usingizi ambao anapumua mwenyewe. Wakati daktari anafanya kazi mdomoni, mtu mwingine kazi yake ni moja tu, kumwangalia mtoto, pumzi, mapigo na rangi ya midomo. Kidoleni anavaa kifaa kinachopima hewa katika damu. Mtu huyo ndiye mimi. Mtoto hashikwi na mtu.

Sharti kubwa ni tumbo tupu. Chakula au maziwa, muda wa saa sita kabla ya kulazwa, asitie kitu mdomoni. Akitapika amelala, matapishi yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo watoto wanapokufa.

Kwa sasa asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na mpeni dawa za usaha mlizopewa kituoni mpaka ziishe. Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya, au anashindwa kumeza mate, msingoje timu wala Idd.

Kuhusu mama yako tutazungumza tukionana.

Mjomba wako,
Fahmi


Shumba Viamboni,
19 Machi 2024

Mjomba Fahmi,

Assalaam alaykum, na Ramadhani karimu. Bi Mardhiya alichelewa kwa sababu ya bahari. Bibi anafunga japokuwa tumemkataza. Mwandiko wangu usikushughulishe, nilianguka na vidole vya mkono wa kulia bado havijakaa sawa.

Barua yako nilimsomea Baba baada ya futari. Nilidhani akisikia ilivyoelezwa taratibu atafahamu, kama mimi nilivyofahamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Hiyo kaandika Fahmi?" Nikasema ndiyo. Akaichukua, akaitia motoni jikoni. Sitaki kuandika yaliyofuata.

Wiki iliyopita alijaribu kuutoa mzizi mwenyewe. Alileta koleo la kukatia waya, akalichemsha kwenye sufuria ya chai, akamwita Ami Ngwali. Haitham aliwaona akaingia chini ya kitanda. Walimvuta kwa mguu. Alishika mchaga wa kitanda mpaka kucha mbili zikang'oka. Bibi Kazija akawa anapiga kelele, "Bakar, utamuua! Bakar, mwanangu, utamuua!" Walipompata alikuwa na kipande cha chupa. Ami Ngwali ana alama kutoka kwenye sikio mpaka kidevuni. Wakamwacha, lakini Baba alimpiga kwanza kwa mpira wa baiskeli, na nani aliyeingia kati sina haja ya kusema.

Linalonitisha si hilo. Jana nilimkuta Haitham nyuma ya choo amemkalia kifuani Jabir, mtoto wa jirani, ana miaka minne. Msumari uko mkononi. Anamwambia kwa sauti ya Baba kabisa na maneno ya yule daktari, "Fungua mdomo. Fungua, nina watu nje." Jabir midomo yake ilikuwa inatoka damu. Nilimsukuma Haitham akaanguka, nikanyanyua mkono nimpige, na yeye hakujikinga. Alifumba tu macho, kama mtu aliyezoea.

Mjomba, nimekuuliza Mama alikufaje. Nakuuliza mara ya pili. Baba hasemi kingine ila, "Usingizi ndio uliomuua mama yenu." Kama ni kweli, niambie kweli, nisimpeleke Haitham akafe. Kama si kweli, niambie.

Khairat


Unguja,
31 Machi 2024

Mpwa wangu,

Nawaombea funga njema. Naandika mbiombio, Bi Mardhiya anawahi boti.

Timu inafika Chake tarehe 22 Aprili, na nimeomba niwe ndani yake. Nimekubaliwa. Mchukue Haitham wewe na Bibi, mwambie baba yako mnakwenda kwa jamaa Wete. Ikiisha kazi, imeisha, atagomba halafu atanyamaza. Mimi mwenyewe nitamlaza na mimi mwenyewe nitamwamsha.

Mkono wako uangaliwe. Mtu haanguki akavunjika vidole tu.

Fahmi


Shumba Viamboni,
12 Aprili 2024

Mjomba Fahmi,

Idd mubarak. Bibi alipika mkate wa kumimina, Haitham hakuweza hata kuulowanisha kwenye chai. Shavu limejaa, jicho la kushoto limekuwa dogo. Zile dawa za usaha alimaliza. Uvimbe ulipungua, halafu ukarudi.

Sitamwiba. Bibi hawezi kumdanganya mwanawe, uso wake unasema kabla ya mdomo. Na Baba akijua tukiwa njiani, hatatufuata kwa maneno, atatufuata kwa mikono.

Na hukunijibu. Nimekaa na barua zako mbili, moja mkononi na ile iliyoungua kichwani, nikizisoma kama tunavyofundishwa kusoma ufahamu, nikitafuta jibu ndani ya habari. Halimo. Kwa hiyo nimewauliza wengine.

Bibi kasema siku ile Baba alitoka hospitali kabla ya adhuhuri na hakurudi mpaka baada ya laasiri, na aliporudi alikuwa na Ami Ngwali. Nikamfuata Ami Ngwali bandani kwake, alikuwa anafua nazi kavu. Sikuwahi kumuuliza mtu mzima swali kama lile. Nilisema huku nikiangalia miguu yangu. "Ami, Baba alikufuata ya nini siku aliyokufa Mama?"

Akasema, "Nitoe damu. Tulipofika wakanambia nishushe mkono wa shati, haina haja tena."

"Na Baba je, hakutoa?"

Akacheka kidogo, si kicheko. "Baba yako sindano? Baba yako alikimbia chanjo shuleni akalala porini siku mbili. Nenda zako, Khairat, na hayo usimwambie mtu."

Mjomba, kama Mama alihitaji damu, usingizi unaingiaje? Nani alisema ni usingizi? Baba si daktari. Kuna mtu alimwambia.

Hii ni mara ya tatu.

Khairat


Unguja,
15 Aprili 2024

Khairat,

Nilimwambia mimi.

Mama yako alitoka damu baada ya mtoto kutolewa, na haikusimama. Dawa ya usingizi haikumdhuru, ilikuwa inamtumikia. Damu ya akiba haikuwepo. Wakanipima mimi, haikufaa. Wakampima baba yako kidoleni, ikafaa. Wakamwambia kaa hapa. Alipoona mfuko na ile sindano yake nene alisimama akasema, "Nakwenda kumleta ndugu yangu, ana damu hii hii, ni mtu wa nguvu zaidi." Nikamwambia, "Shemeji, kaa." Akatoka. Kutoka Chake mpaka kwenu na kurudi, siku ile hakuwa na gari, unajua mwenyewe ni muda gani.

Aliporudi dada yangu alikuwa ameshafunikwa. Baba yako akanishika shati akauliza, "Nini kimemuua? Fahmi, nini?" Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Niliangalia uso wake nikaona nikimwambia kweli hatatoka pale mzima. Nikasema, "Usingizi, shemeji. Hakuamka." Nilidhani namhurumia. Nilidhani ni neno la siku moja.

Sasa neno hilo limekaa kwenye taya la Haitham. Barua hii unaweza kumsomea baba yako. Labda kwako atasikia.

Fahmi


Shumba Viamboni,
17 Aprili 2024

Mjomba Fahmi,

Assalaam alaykum. Bi Mardhiya anarudi leo leo na hii.

Barua yako imo ndani ya bahasha hii, nakurudishia. Simsomei. Nilimsomea moja, nikaonja. Neno lile ulilisema wewe kwa mdomo wako, kulifuta ni kazi ya mdomo huo huo. Mimi nilimshika Haitham kichwa kwa sababu mtu mzima aliniambia nishike. Safari hii sishiki.

Uvimbe umeshuka chini ya taya. Tangu asubuhi mate yanamtoka, hayamezi. Uliandika mwenyewe maana yake. Nimemwambia Baba, amesema atakwenda kutafuta dawa ya mizizi Makangale.

Njoo.

Khairat


Shumba Viamboni,
3 Mei 2024

Mjomba Fahmi,

Assalaam alaykum. Natumai taya lako limeanza kufunguka na sasa unakula. Bibi anauliza kila siku kama ule uji wa mtama wanakupikia. Mkono wangu umepona, naandika sawasawa kama unavyoona. Nataka nikupe habari yote, kwa kuwa ulichukuliwa ukiwa hujitambui na hukuiona.

Mwanzo wake unaujua, lakini nautaka uandikwe mahali. Uliingia uani tarehe 18, hata kikombe cha maji hukupewa. Baba alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Ulisema, "Shemeji, nilikudanganya." Ukaeleza, ukiwa umesimama, mpaka kwenye ile sindano nene. Sikuona Baba akinyanyuka. Niliona mpini tu. Wa kwanza ulikupata taya, nikasikia, ilikuwa kama mtu amekanyaga kifuu. Ulipoanguka hakuacha. Alikuwa anauliza, "Kwa nini? Miaka mitatu! Kwa nini?" na kila neno lilikuwa na pigo lake. Wewe hukunyanyua hata mkono. Ami Ngwali na majirani wanne walimvuta. Mmoja wao alimvunja pua.

Walipokuondosha kwa gari, Baba alibaki amekaa kwenye vumbi. Bibi Kazija akamwendea, akampiga kwa fimbo yake ya kutembelea begani, mara moja, akasema, "Na mimi nilijua ulikimbia, Bakar. Mwenye damu hakimbii damu. Nilinyamaza kwa kuwa u mwanangu." Halafu akaingia ndani.

Baba hakulala usiku ule. Jioni ile ile aliniuliza jambo moja tu, "Asile tangu saa ngapi?" Nikamwambia muda wa saa sita kabla ya kulazwa.

Alfajiri gari la Ami Ngwali lilikuwa mlangoni. Wakati Baba anaswali nilimuona Bibi na sahani ya kombe. Ameandikiwa aya sahanini kwa zafarani, amezikosha kwa maji, na kwa kuwa Haitham hajala siku mbili, kaichanganya na maziwa ya mbuzi na asali. Alimnywesha kijiko kwa kijiko, kwa subira, bakuli zima, mengine yakimwagika kidevuni. Nikasema, "Bibi, asinywe kitu." Akanambia, "Mwanangu, hiki si kitu cha tumboni. Hii ni Kurani." Na mimi nilinyamaza.

Chake timu yenu haikuwa imefika bado, lakini Bi Yumna, yule muuguzi wa usingizi uliyempigia simu kabla hujaja kwetu, alikuwepo na daktari wa meno wa pale. Walipoona shingo ya Haitham hawakutuweka foleni. Walimtundikia kwanza dawa ya usaha. Haitham alipoona watu watatu wamevaa nguo za kijani alirudi nyuma mpaka ukutani, akaokota mkasi kwenye sinia. Baba akaenda mbele. Bi Yumna akasema, "Mzee, rudi. Hapa hashikwi mtu." Akakaa chini sakafuni, mbali naye, akaupaka dawa ya kufisha ngozi mkono wa mdoli wa kitambaa wa pale hospitali, halafu akaisukuma tyubu ya dawa ile kwa Haitham. Robo saa nzima. Haitham akajipaka mwenyewe. Akaunyoosha mkono mwenyewe, mkasi ukiwa kwenye mkono mwingine.

Kisindano kilipokaa, Bi Yumna akauliza, "Amekula chochote?" Baba akasema, "Hajala." Akauliza tena, "Wala kunywa?" Baba akasema, "Wallahi hajatia kitu mdomoni."

Mjomba, chumba kizima kilikuwa kinaniangalia, au mimi niliona hivyo. Nilisema, "Amekunywa kombe." Sauti haikutoka. Nikasema tena, nadhani nilipiga kelele. "Amekunywa kombe! Lina maziwa! Saa kumi na moja, bakuli zima!"

Bi Yumna akaliweka bomba la dawa chini. "Basi mpaka saa tano," akasema. "Akianza kushindwa kupumua tutafanya vingine, lakini sasa hivi simlazi."

Baba alinivuta nje kwa ushungi. Akanibana kwenye ukuta wa korido, mkono wake shingoni mwangu, akasema, "Unajua nini kinatokea kwa kungoja? Unajua?" Nilijua. Nikamwambia hivyo hivyo, "Najua, Baba. Ami Ngwali alinambia." Mkono wake ulikaza, halafu ukaachia.

Kuanzia saa mbili mpaka saa tano kila baada ya muda alitoka nje kwenye gari. Alifungua mlango, akakaa, akawasha. Mara moja gari lilifika mpaka getini. Nilikuwa dirishani nikalitazama. Lilisimama pale, moshi unatoka, mlinzi ameshanyanyua kamba. Halafu likarudi kinyumenyume.

Saa tano na dakika kumi wakafunga mlango. Sisi tulibaki nje. Kwa Haitham tumezoea kelele, Mjomba. Ndani hakukutoka sauti. Dakika tano, kumi, hakuna. Baba akasimama. "Mbona kimya?" Nikamwambia, "Amelala, ndivyo inavyokuwa." Akasema, "Mama yake pia alikuwa kimya." Akaanza kuupiga mlango kwa ngumi. Mlinzi akaja, Baba akamrusha. Akaupiga mpaka mbao ikapasuka na vifundo vya vidole vikaacha damu. "Nipeni mwanangu! Nipeni mwanangu!"

Mlango ukafunguliwa. Bi Yumna hakumgombeza, nafikiri hata hakumwangalia, macho yake yalikuwa kwa Haitham. Akasema tu, "Njoo uhesabu. Usimguse." Daktari alikuwa ameshatoa mzizi na usaha unatoka kwenye mrija mdogo chini ya taya. Baba akapiga magoti kando ya kitanda akakitazama kifua cha Haitham na kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Damu ya mikono yake ikidondoka sakafuni, na hakuna aliyethubutu kumfunga.

Alifika mia nne na kitu. Haitham akafungua macho, yakawa yanazunguka, hayajui yako wapi. Yakamkuta Baba. Akasema kwa ulimi mzito, watu wote wanasikia, "Mbwa. Mbwa we."

Nilifumba macho kungoja kofi.

Nilisikia Baba anasema, "Mia nne na kumi na moja," akaendelea.

Haitham sasa anakula. Baba hamwambii kitu naye hamwambii kitu, na akiingia chumbani Haitham bado anatoka. Kwako amesema ukikanyaga Shumba tena atamalizia alipofikia. Nimekuandikia kama alivyosema. Sijui bado kama mimi nataka uje. Nikijua, nitakuandikia hilo pia, kwa kweli yake.

Bibi anakusalimu. Mimi pia.

Khairat binti Bakar